Betri Yenye Kiu

Lori lilikuwa linatetemeka tena. Asnake alilisimamisha nje ya gereji ya fundi Yimer, mzee aliyeitwa Gashe kwa heshima, asilizime, akabaki nyuma ya usukani akilisikiliza kama mtu anayemsikiliza mgonjwa akikohoa chumba cha pili. Injini ilinguruma, ikashuka, ikakaribia kufa, kisha ikajikongoja na kupanda tena. Kioo cha pembeni kilicheza mpaka barabara ya Dessie nzima ikawa inaruka ndani yake. Kwenye dashibodi ile taa nyekundu ya betri iliwaka, ikafifia, ikawaka.

"Zima hiyo kitu!" Yimer alipaza sauti kutoka ndani. "Unanitikisia kahawa!"

"Nikizima haiwaki tena, Gashe."

"Basi umefika. Zisizowaka zote zinakuja hapa hapa."

Asnake alizima. Alijua kwamba bila msaada lile lori halitoki pale, na kwamba kabla jua halijashuka mwenye lori angefika kulitazama.

Mwenye lori alikuwa Belaynesh, aliyeitwa Etiye kwa heshima ya mama mtu mzima, mjane mwembamba, mcha Mungu, asiye na simile katika mambo ya mali ya marehemu mumewe. Asubuhi ile, kabla ya kwenda kanisani, alimkuta Asnake uani na kumwambia bila salamu ndefu: "Leo Jumatano, ibada inatoka alasiri. Nikitoka nitapitia gereji. Nikikuta lori zima, na ukaniambia betri yangu ilipatwa na nini, kesho utakwenda kupakia vitunguu Kobo. Ukinipiga chenga, ufunguo nampa Habtamu."

Habtamu alikuwa mtoto wa kaka yake, kijana wa miwani ya jua na leseni ambayo bado ilinuka wino. Tangu lori lianze kuumwa, kijana yule hakukauka nyumbani kwa shangazi yake. Alimwambia kwamba madereva wanauza betri nzima na kuweka mbovu. Alimwambia wanauza na dizeli njiani. Asnake aliliendesha lori lile tangu marehemu akiwa hai, na nyumba yake yote ilikula kupitia ule ufunguo, mpaka dawa za mama yake kule Woldiya. Sasa aliitwa mwizi na mtu ambaye hajawahi hata kubadilisha tairi, na lililomchoma zaidi ni kwamba Etiye alikuwa akisikiliza.

Yimer alitoka akipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Alikuwa mtu mzima, mnene, na ndevu zake zilitiwa hina. Nyuma yake mkewe alikuwa amekwisha mimina kahawa.

"Karibu kahawa."

"Leo nimefunga, Gashe. Jumatano ni siku yetu ya mfungo."

"Nakunywa yako basi, isije ikapoa bure." Alikunywa kweli, vikombe viwili, amesimama. "Haya. Umefanya nini mpaka sasa? Na usinifiche, maana dereva anayemficha fundi analipa mara mbili."

Asnake alieleza. Kwanza alidhani ni dizeli chafu, akabadilisha chujio. Halafu akadhani kuna hewa kwenye mpira wa dizeli, akaitoa. Akapeleka nozeli zinazopuliza dizeli zikasafishwe. Kila mara lori lilitulia kidogo, au yeye alijidanganya kwamba limetulia, kisha likaanza tena: likitembea ni zima, likisimama na injini ikiwaka linatetemeka kama lina homa ya malaria. Na asubuhi betri haina nguvu ya kuzungusha hata feni.

Walifungua vishikizo, wakainua kabini. Yimer aliingiza kichwa, akakagua. Kisha akagusa kwa kidole skrubu moja, ile ya kupangia kasi ya injini lori likiwa limesimama.

"Na hii? Nani ameichezea? Mikwaruzo mipya hii."

Asnake alitazama viatu vyake. "Mimi."

"Uliipandisha."

"Ilikuwa inazimika kwenye foleni, Gashe. Nikaipandisha kidogo isizimike."

"Kidogo?"

"Nikaipandisha. Ikawa haizimiki."

"Ikawa inakunywa dizeli kama ngamia aliyerudi safarini. Na Etiye anapima dizeli?"

"Anapima mpaka matone."

Yimer alicheka mpaka ndevu zikatikisika. "Umejitengenezea kesi kwa bisibisi yako mwenyewe! Ugonjwa umeufunika, halafu kifuniko chenyewe ndicho kinasema wewe ni mwizi."

Asnake hakucheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Alitaka tu lori lionekane zima mpaka apate fundi mzuri. Alikuwa ameona haya kusema kwamba limemshinda.

Yimer aliirudisha ile skrubu mahali pake. Kisha akafanya jambo ambalo Asnake hakuwa amelifikiria: aliacha habari ya dizeli, akalegeza mkanda unaozungusha altaneta, ile mashine inayochaji betri, akautoa kabisa. Akavuta waya mbili nene kutoka kwenye gari bovu lililokuwa uani, akaunganisha.

"Washa."

Asnake akawasha. Injini ilishika mara moja, ikashuka chini, ikatulia. Haikutetemeka. Ilinguruma taratibu na sawasawa, na kioo cha pembeni kikatulia kama picha ukutani. Alikuwa hajaisikia hivyo kwa mwezi mzima, na moyo wake ukaruka kwa furaha ya kitoto.

"Umeona?" Yimer alisema. "Injini yako haina ugonjwa wowote. Inabebeshwa mzigo. Zima kabla haijachemka."

"Altaneta imekwama?"

"Izungushe mwenyewe."

Asnake aliizungusha kwa mkono. Ilizunguka laini, bila kelele.

"Haijakwama," Yimer alisema. "Inafanya kazi kupita kiasi. Kuna mtu anaomba umeme kutoka kwake asubuhi mpaka jioni, na hashibi. Kila lori likisimama na injini ikiwa chini, altaneta inaivuta injini, injini inayumba. Sasa tumtafute huyo asiyeshiba."

Betri zilikuwa mbili, ubavuni, ndani ya sanduku lao la chuma. Yimer aliweka mkono juu ya ile ya nyuma, akatikisa kichwa. Akaweka mkono juu ya ile ya mbele, akautoa upesi kwa jinsi ilivyokuwa ya moto. Akapima kwa mita. Ya nyuma ilikuwa nzima. Ya mbele haikufika hata pale betri iliyochoka inapofika.

"Zilinunuliwa pamoja?"

"Siku moja, duka moja. Mimi mwenyewe nilizibeba. Alama yangu ya msumari hii hapa, na hii hapa."

"Kwa hiyo hukuiuza."

"Gashe!"

"Nauliza ili nikiulizwa niseme niliuliza."

Alifungua vifuniko vya betri ya mbele kimoja kimoja, akachungulia. Alichungulia muda mrefu. Kisha akachukua kipimo chake cha asidi, akafyonza kidogo, akakiinua kwenye mwanga. Maji yaliyotakiwa kuwa meupe yalikuwa na rangi ya chai. Chini yake palitulia tope laini la kijivu.

"Nani anaitia maji?"

"Mimi. Maji ya betri, ya dukani, siku zote. Isipokuwa..." Asnake alisita. "Mwezi uliopita nilirudi kutoka Mille, joto lile unalijua, nikaona zimekauka. Duka lilikuwa limefungwa, na mimi nilikuwa na safari ya kwenda kumwona mama, anaumwa. Niliporudi nikakuta imejaa. Nikadhani mlinzi amenunua."

"Zote mbili zilijaa?"

"Ya mbele ilijaa pomoni. Ya nyuma niliijaza mimi."

"Aliyejaza, maji yake yaliishia kwenye ya mbele," Yimer alisema polepole. Alimwaga tone moja la lile tope juu ya kipande cha bati, akalisogeza kwa ncha ya bisibisi. "Mimi ni Mwislamu, sijui mambo yenu. Lakini nimekua kwenye ua mmoja na watoto wa shemasi. Hebu niambie wewe. Hiki ni nini?"

Asnake aliinama. Tope lilikuwa laini mno kuwa mchanga. Lilikuwa na rangi ya majivu. Alilijua kabla hajataka kulijua. Ulikuwa udongo wa baraka, ule ambao watu wanauchota kanisani, wanaukoroga ndani ya maji ya chemchemi takatifu, wanampaka mgonjwa kwenye paji la uso. Na nyumbani kwa Etiye Belaynesh chupa ya maji hayo ilikaa siku zote dirishani, imefunikwa kitambaa cheupe.

Ikamrudia yote. Siku ile aliporudi kutoka Mille alisimama uani, jasho linamtoka, akamwambia mlinzi kwa sauti kubwa: betri hii ina kiu, inataka maji masafi, masafi kabisa, si haya ya bomba. Na Etiye alikuwa amekaa kizingitini akichambua dengu.

"Ee Mungu wangu," Asnake alisema.

"Umemjua?"

"Nimemjua."

Yimer naye alikuwa amemjua. Alifunga kifuniko kwa uangalifu, akajipangusa. "Maji ya chemchemi yana chuma, yana chumvi, yana mlima mzima ndani yake. Mtu anapona, sikatai. Betri inakufa. Inakula umeme wote inaopewa na haibaki na kitu."

"Utamwambia hivyo?"

"Mimi?" Yimer alirudi nyuma hatua nzima. "Mimi, Yimer, nimwambie mjane wa Kikristo kwamba maji yake ya baraka yameua betri? Nilikula kwenye matanga ya mumewe, na nikawekewa sahani yangu ya halali. Kesho nitapita wapi mjini humu? Nitafunga betri ninayoazima kutoka kwenye lile gari langu, lori litakuwa zima. Habari za maji ni zako na yeye. Na Mungu wenu."

"Mungu wetu ni mmoja, Gashe."

"Kwenye hili mnajuana wenyewe."

Alifunga betri ya kuazima, akarudisha mkanda. Ili kumtoa Asnake mawazoni alimchokoza: "Nyinyi mna majina mawili, si ndiyo? La mdomoni na la kanisani. Lako la kanisani nani?"

"Halitajwi ovyo. Ni la kuombewa."

"Hata mimi nisilijue, ninayekuokoa hapa?"

"Mke wangu analijua, na mama yangu, na padri wa kwetu. Dessie hii hakuna mwingine."

"Basi nitakuombea kwa jina la Dereva."

Asnake alitabasamu kidogo, ila mawazo yalikuwa kwingine. Akisema kweli, angemwaibisha mama wa watu mbele ya fundi, na si kwa jambo dogo, kwa imani yake. Etiye hakuwa mtu wa kusamehe aibu. Asiposema kweli, ni lazima aseme jambo jingine, na jambo jingine lolote lilimwangukia yeye mwenyewe. Aligeuza maneno kichwani mpaka yakaisha ladha.

Alasiri Etiye Belaynesh alikuja kwa miguu, amejifunika shali jeupe la ibada, mwavuli mkononi, kikapu begani. Lori lilikuwa linanguruma mlangoni, limetulia. Alisimama mbele yake, akalisikiliza kidogo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Limepona," alisema. "Asante, Yimer. Sasa niambieni, betri yangu ilipatwa na nini?"

Yimer aligeuka akaanza kupanga spana zilizokuwa zimepangwa tayari.

"Ni mimi, Etiye," Asnake alisema. "Nilitia maji yasiyofaa."

"Wewe?"

"Nilikuwa na haraka. Nilitia ya bomba. Yameiharibu."

Etiye alimtazama bila kupepesa. "Dereva wa umri wako akatia maji ya bomba kwenye betri."

"Ndiyo, Etiye."

"Habtamu aliniambia umeiuza."

"Sikuiuza. Ile pale."

Betri ilikuwa chini, kando ya ukuta. Etiye aliiendea. Kabla Yimer hajapata la kusema alikuwa ameinama, amefungua kifuniko kwa ncha ya shali.

"Usiguse, Etiye, inachoma!"

Hakugusa. Alichungulia. Kisha macho yake yakahamia kwenye kile kipande cha bati chenye tone la tope, ambacho wanaume wawili wazima hawakuwa na akili ya kukificha. Alikaa ameinama vile kwa muda, shali limemfunika uso. Aliponyooka, sauti yake ilikuwa imepungua.

"Asnake. Bomba la wapi linatoa udongo wa baraka?"

Yimer alizidi kupanga spana. Injini ilinguruma peke yake.

"Ulisema ina kiu," Etiye alisema. "Ulisimama pale uani ukasema kwa mdomo wako. Maji masafi, ulisema, si ya bomba. Nikauliza moyo wangu, nyumbani kwangu kuna maji gani masafi kuliko haya? Nikatia. Yakaishia kwenye hii ya mbele. Nikasema ya nyuma Jumapili, na Jumapili nikaikuta imejaa." Alimgeukia Yimer. "Yana kosa gani? Wewe sema. Si wa dini yangu, huna cha kuogopa."

Yimer, aliyekuwa na kila cha kuogopa, alikuna ndevu. "Etiye, betri inataka maji yasiyo na kitu ndani. Kitu chochote. Hayo yako yana kitu."

"Yana nini?"

Alifikiri. "Yana kila kitu, Etiye. Ndiyo maana yameishinda."

Mdomo wa mama yule ulitaka kucheka, akauzuia. Kisha hamu ya kucheka ikamtoka. Alimgeukia Asnake, na safari hii mama yule ndiye aliyeshindwa kuinua macho sawasawa.

"Mwezi mzima nimekuita mwizi."

"Hukuniita, Etiye. Uliniuliza."

"Nilikuita. Usinisaidie kusema uongo, umeshasema wa leo unatosha. Na ungeniacha nikunyang'anye ufunguo?"

Asnake hakujua angeacha au asingeacha. Alisema alichokijua. "Nisingeweza kukwambia mbele ya mtu."

"Na dizeli?" aliuliza ghafla. "Dizeli nayo niliinywesha mimi?"

"Hapana. Hiyo ni mimi kweli." Akaeleza habari ya skrubu, yote, hadi aibu iliyomfanya afiche.

Etiye alimsikiliza mpaka mwisho, akainua mwavuli, akampiga nao begani, pigo la haki kabisa. "Hiyo ni ya skrubu. Kesho utakwenda Kobo. Habtamu nitamwambia mwenyewe, akatafute lori la mama yake."

Pigo lile lilimpendeza Asnake kuliko ufunguo. Alijisikia kama mtu aliyerudishwa nyumbani.

Etiye alitia mkono kikapuni, akatoa chupa ya maji yale ya baraka. Ilikuwa desturi yake kunyunyizia lori kila ikikaribia safari, lakini sasa alisimama nayo mkononi, amemgeukia Yimer kama anayeomba ruhusa.

"Matairi?"

"Matairi hayana neno."

"Mlango?"

"Mlango pia. Sanduku lile tu la chuma, tafadhali."

Asnake alivua kofia, akainama mbele yake. "Nimwagie mimi, Etiye. Mimi si betri, sina madini ya risasi wala asidi ndani."

Alimwagia. Maji yalikuwa baridi, yakamwingia shingoni, yakashuka mgongoni. Etiye aliomba kwa sauti ndogo ya haraka, akiwataja malaika na watakatifu mmoja mmoja, kisha akasema bila kubadilisha sauti: "Na umlinde mtumishi wako Wolde Gebriel kwenye makorongo yote, kwenda na kurudi."

Asnake aliganda ameinama vile vile. Lilikuwa jina lake, lile la kuombewa, ambalo Dessie nzima mkewe peke yake alilijua.

"Nani amekwambia?"

"Nilimpigia mama yako simu, siku ile niliyotia maji. Mtu haombewi kwa jina la kuendeshea lori." Alifunga chupa, akaifuta kwa shali. "Tangu hapo kila asubuhi."

"Hata siku ulizokuwa umenikasirikia?"

"Siku hizo nilikutaja mara mbili," Etiye alisema, akachukua mwavuli wake na kumwambia apande, ampeleke nyumbani, maana miguu ilikuwa inamuuma.